Goba Nzima Ina Taarifa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeshindwa kesi. Baraza la ardhi limesema jiko la mke wangu, Felicitas, limejengwa ndani ya kiwanja cha jirani yetu, Mzee Azan mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Libomolewe. Jiko nililolijenga kwa saruji niliyonunua dukani kwake! Nikamwambia karani nakata rufaa. Akasema sawa, ila kwanza nitoe taarifa ya kusudio la rufaa kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo rufaa haitapokelewa. Akauliza kama nimeelewa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikaondoka zangu.

Jumanne, 4 Machi
Felicitas hana raha. Jiko ndilo analokaangia samaki wa wateja wake. Kaniuliza, Baba Hope, hiyo taarifa umeshaitoa? Nimeitoa leo, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu wa Goba. Wengi wamejibu kwa kidole gumba. Rogers wa genge la mboga kanipa pole ya msiba. Hakusoma.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani. Baada ya matangazo ya ndoa, mzee wa kanisa akasoma taarifa niliyompa, kwamba Mwalimu Wilbert ana kusudio la rufaa. Waumini wakanitazama kwa huruma. Nje, mama mmoja akanishika mkono, akasema nisiogope, hospitali ya rufaa ya Mwananyamala ina madaktari wazuri. Sikumwelewa hata kidogo.

Jumatano, 12 Machi
Nimekodi bajaji ya matangazo. Muziki wa singeli, taarifa yangu, singeli tena, mpaka vilima vyote vya Goba vikaisha. Mzee Azan akatoka dukani. Nikamwamkia shikamoo, adabu ni adabu. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, na barazani umepeleka? Huyu anataka kunichanganya. Nikamjibu kwamba bajaji imepita mpaka mlangoni pa baraza.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepeleka rufaa yenyewe, imechapwa vizuri. Karani akafungua jalada akitafuta taarifa yangu. Hamna. Nikasema niliitoa. Akauliza nilimpa nani. Nikasema watu wote. Akavua miwani, akanieleza kwamba taarifa ni hati, inaletwa pale na kugongwa muhuri, na kwa kuwa muda umepita, haki yangu ya rufaa imepotea. Imepoteaje, wakati Goba nzima inaijua? Kamusi inasema taarifa ni habari. Habari nilitoa.

Alhamisi, 20 Machi
Jiko limebomolewa. Felicitas alikusanya sufuria zake kwenye kifusi, na hilo limeniuma kuliko nyundo. Baadaye akasema neno moja tu: Baba Hope, mie sasa nitakaangia sebuleni. Nikadhani anatania.

Ijumaa, 21 Machi
Hakutania. Moshi umefika mpaka kwenye picha ya harusi.
Lakini kuna matumaini! Karani amenihurumia. Amesema naweza kuomba niongezewe muda, ila maombi hayasikilizwi bila kiapo. Alitaka kuendelea kueleza kinavyoandikwa, nikamwambia asijisumbue, kiapo nakijua. Nikawahi nyumbani. Nikasimama katikati ya sebule, mkono juu ya Biblia, nikaapa kwa sauti kwamba taarifa niliitoa. Felicitas alikuwepo, anageuza samaki. Binti yetu Hope naye alikuwepo. Mashahidi wawili hao, wanatosha kabisa.
Sasa nasubiri baraza liniite.