Tausi wa Venisi

Opicho alipouona ule mchoro umefungiwa mandazi pale Kariobangi, alijua kweli Mungu hamtupi mja wake. Ulikuwa ukurasa wa gazeti kuukuu: tausi na mizabibu ya kufumwa kwa uzi, na maelezo kwamba ulichapishwa kwanza Venisi, Italia, miaka mia tano iliyopita. Jumapili Mzee Nalianya angekuja mtaa wa Pipeline kukagua nyumba ya Opicho, atakakoolewa binti yake Marion, na nyumba yenyewe ilikuwa na ndoo moja ya kukalia.

Akauchovya ukurasa kwenye chai hadi ukazeeka. Akavaa viatu vyake vya ncha, alivyodai ni vya Italia, akaenda Donholm kwa Mama Nzivo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Vitambaa vya makochi vya mama huyo vilisifiwa mtaa mzima, naye aliishi kwa hofu ya kupitwa.

Opicho akamweleza kwamba mchoro ule ulichorwa na mtawa kipofu kwa ajili ya malkia.

"Kipofu alichora aje?"

"Kwa imani, Mama."

Pesa hakutaka, alitaka makochi ya sebuleni tu. Mama Nzivo akakubali upesi mno. Sharti lake lilikuwa moja: vitambaa vilivyoyafunika ni vyake, atavifuata Jumamosi, na hadi hapo visiguswe. Opicho akayasafirisha kwa mkokoteni, akayakalia, akayasifu kwa ugumu wa mbao.

Jumamosi Mama Nzivo akaja, akavua kitambaa kimoja kimoja. Chini yake palikuwa na kreti za soda zilizofungwa kamba.

"Mama, hii ni wizi."

"Kochi zangu zilioza kitambo, mwanangu. Watu husifu vitambaa. Hakuna mwenye amewahi kuuliza kochi."

"Basi ujue hiyo mchoro nilichovya kwa chai."

"Najua. Niliilamba. Iko na tangawizi."

Kisha akatoa kikapuni vitambaa vipya vya tausi na mizabibu, vya kutosha kreti zote. Opicho akamfikiria Marion, akakaribia kulia. Akauliza bei. Mama Nzivo akatazama chini, akasema Nzivo wake hana viatu vya kanisani.

Jumapili Mzee Nalianya aliketi juu ya tausi, akawapapasa, akaridhika kabisa. Ila alitaka kujua kwa nini mkwe wake yuko miguu mitupu.

"Venisi, mbele ya mkwe watu hawavai viatu," Opicho akasema kwa unyenyekevu.

Mzee akaona aibu, akainama, akavua vyake. Opicho akavitazama. Vilikuwa saizi yake.