Gobore, Baruti na Friji ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Klabu yetu ya magobore inatimiza miaka ishirini! Msimamizi wa uwanja, mama asiyecheka hata kwa bahati mbaya, katangaza: atakayelenga vizuri kuliko wote kwenye mchujo wa Jumamosi ndiye atakayefyatua risasi ya ufunguzi wa sherehe mbele ya wageni. Ni mimi. Nani mwingine? Labda shemeji, kaka wa mke wangu, mfamasia. Kasema baruti hizi mbadala, tunazotumia badala ya ile nyeusi ya zamani, hunyonya unyevu hewani, na zikilowa hushika moto kwa uvivu. Kopo lake la baruti halifungui ovyo. Nimemwacha aongee. Nina mbinu.

Jumatano, 6 Machi
Friji! Baridi hukausha, kila mtu anajua. Kopo langu liko kati ya maziwa na kabichi. Nalitoa na kulifungua kila saa kuhakikisha. Mke wangu kauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelitoa kopo. Linatoka jasho! Ndani, mabonge matupu. Hakuna shida, mimi ni fundi cherehani, nina pasi. Mke wangu kaninyang'anya, kasema nikitaka kulipuka nikalipukie kwa mama yangu. Wateja wawili wameondoka na suruali zenye makunyanzi. Lawama si zangu.

Jumamosi, 9 Machi
Siku yangu! Nikashindilia baruti ile ile ya mabonge, nikalenga, nikafyatua. Fataki ya kuwashia baruti ikalia ta! Kisha kimya. Msimamizi akapaza sauti: nisitikisike, mtutu ubaki kwenye shabaha, nihesabu hadi sitini. Nilipofika tisa nikamsikia shemeji anakohoa. Kikohozi kile ni kicheko, namjua! Nikaanza kugeuka nimwone. Msimamizi akanirukia, akausukuma mtutu chini, na hapo hapo gobore likalipuka. Shimo ardhini, hatua mbili kutoka kiatu cha shemeji. Hakuna aliyeumia. Niliogopa mno, nakiri hapa tu. Shemeji ndiye atakayefungua sherehe. Mimi nimefungiwa miezi mitatu.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari asubuhi nzima. Kosa nimeliona: friji yetu ni ndogo, baridi yake ya kubahatisha. Muuza nyama wa mtaa wa pili ana friza linalomeza ng'ombe mzima. Nimemwambia kopo ni dawa ya nondo, wale wadudu wanaotoboa nguo. Mtu mwema sana! Amekubali likae humo miezi yote mitatu.