Mguu wa Kuume Juu ya Idjwi

Jumatatu, 4 Septemba
Mtihani wa kuruka ni Ijumaa. Nikishindwa narudi kwenye mizani ya uwanja, nilikopima mizigo ya watu miaka minne kabla kampuni haijakubali kunijaribu kama rubani. Wageni katika urubani tuko wawili, mimi na Fabiola. Yeye amebandika ukutani picha ya vyombo vyote vya ndege, anaongea nayo kutwa. Kitabu cha mtihani kina kurasa mia tatu. Namwonea huruma.

Jumanne, 5 Septemba
Dawa imepatikana. Josué, mpakia mizigo, anajua tabia za wapimaji wote wa marubani. Nilimpelekea sahani ya sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Alimaliza kwanza, na vichwa vyote, ndipo akasema: Commandant Ignace, yule wa kutoka Kinshasa, iko na mutego moja tu. Mukifika juu ya kisiwa cha Idjwi, anazimisha injini ya kushoto, kujifanya imekufa. Weye unakanyaga pedali na mguu wa kuume, ndege inanyooka, basi, umepita.
Kitabu nimemwachia Fabiola. Aliuliza kama nimekimaliza. Nilimjibu kwamba kuna wenye kusoma na kuna wenye kujua.

Jumatano, 6 Septemba
Mazoezi nyumbani, Kadutu, kwenye pedali ya cherehani ya mama. Mguu wa kuume peke yake. Idjwi, kanyaga. Idjwi, kanyaga. Sindano ikashona mkono mmoja wa nguo yake mpya, ukafungika. Mama akauliza: mutoto, unarusha ndege ao unaharibu kikwembe yangu?
Ni nguo ya misa ya shukrani. Misa yenyewe amekwisha kuiandikisha kwa padri, Jumapili, kwa jina langu. Nikasema labda tungoje Ijumaa ipite. Akasema Mungu hapendi watu wa mashaka.

Ijumaa, 8 Septemba
Fabiola alitangulia. Alishuka akitabasamu. Sikumwuliza kitu.
Zamu yangu. Kupaa, vizuri. Ziwa, vizuri. Idjwi ikatokea. Commandant Ignace anakula karanga. Tukafika juu ya kisiwa, mkono wake uko kwenye karanga. Kijiji kikapita. Cha pili. Kisiwa kinakwisha, na mimi nimejifunza mguu mmoja tu. Nikakanyaga. Nikatangaza kwamba injini ya kushoto imekufa.
Ndege ikakata kuume kama mlevi. Karanga zikamwagika mpaka kwenye kola yake. Akainyoosha ndege, akatega sikio, akasema: Papa, ni moteur gani imekufa? Miye nazisikia zote mbili.
Kisha akauliza nitafanya nini moshi ukiingia humu ndani. Nilikumbuka tu kwamba ukurasa wa moshi kitabuni ni wa njano.
Tulipotua aliniambia bila hasira: ile habari ya Idjwi, ni yeye anamutumaga Josué awaambie wageni. Kila mwaka.

Jumapili, 10 Septemba
Sikuweza kumwambia mama kwamba nimeshindwa. Padri alimshukuru Mungu kwa rubani wa parokia. Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Maman Consolate wa kwaya akapiga vigelegele. Mama alilia kwa furaha, akajipangusa kwa mkono wa nguo ule ule niliokuwa nimeufunga, naye akaufumua.

Jumatatu, 11 Septemba
Mizani. Abiria wa kwanza wa ndege ya kwenda Shabunda: maman Consolate na mfuko wake wa vitunguu. Akanitazama, akatazama mizani. Rubani, akauliza, sasa nani anaturusha? Nikamwonyesha Fabiola, amekwisha kuketi mbele. Maman Consolate akapiga simu kabla ya kupanda.
Nyumbani mama hakunigombeza. Alikuwa anakunja kile kikwembe. Alikiweka chini kabisa ndani ya sanduku. Ingekuwa heri anigombeze.

Jumanne, 12 Septemba
Kampuni imenipa nafasi ya mwisho, Novemba. Mpimaji ni Commandant Ignace tena. Fabiola ameniletea kitabu. Yaya, kaka yangu, soma hata nusu, akasema.
Nimefikiri sana. Commandant anajua kwamba mimi najua habari ya injini ya kushoto. Basi atazimisha ya kuume. Mtu mwenye akili hawezi kufanya vingine.
Kitabu kimefaa. Nimekiweka juu ya kiti cha cherehani, sasa magoti yanafika sawa. Leo nimeanza mguu wa kushoto.