Kabine Iko, Papa

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa nane

Imewezekana! Mke wangu Kahindo amekubali kufunga meza yake ya kuuzia maharagwe pale mtaa wa Mabanga. Siku tatu nzima, mara ya kwanza tangu tuoane, miaka ishirini na tano. Muuguzi alimwambia tension ya damu inapanda, apumzike. Akajibu atapumzika akizikwa. Ndipo nikamkumbusha ahadi yangu ya siku ya ndoa: safari ya meli mpaka Bukavu. Akasema sawa, ila nikiiharibu, meza haifungwi tena mpaka kufa. Niiharibu? Mimi?

Jumanne, tarehe 4

Jirani yetu, muzee Twagirayezu, alimpeleka mkewe Bukavu kwa meli mpya ya mwendo kasi. Masaa matatu tu! Mtaa wetu mzima wa Katoyi umesikia, mimi peke yangu mara kumi na moja. Maskini. Masaa matatu ni likizo hiyo? Nimekaa nikafikiri. Meli kuukuu inatumia masaa tisa. Likizo mara tatu, tena kwa bei nafuu! Nashangaa hakuna mtu aliyegundua kabla yangu.

Jumatano, tarehe 5

Bandarini asubuhi. Meli kuukuu ziko tatu. Ya kwanza imelalia upande. Ya pili, kuku walikuwa wameshapanda na hawakuonekana na furaha. Ya tatu ina kutu, lakini kutu ya heshima. Nikamuuliza baharia, jina lake Bulonza, kama ina kabine. Akasema: "Kabine iko, papa! Iko hata mbili!"

Vyumba viwili vyenye vitanda! Tutachagua. Nimerudi nyumbani kwa kupitia kwa Twagirayezu, ingawa si njia yangu, nikamjulisha kwamba sisi tutasafiri tumelala kitandani.

Kahindo ametoa sandukuni shuka jeupe alilotariziwa na mama yake kwa ndoa yetu. La kitanda cha kabine, amesema. Amelipiga pasi mara mbili, huku anaimba. Nimesimama mlangoni kumsikiliza. Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Alhamisi, tarehe 6

Tumepanda. Nikamwomba Bulonza atuonyeshe kabine. Akatuonyesha kwa moyo wote. Kimeza, mwavuli, na msichana anauza unite, vocha za simu. Kabine! Kabine ya simu, sawasawa na zile zote za barabarani. Ya pili iko nyuma, wanachaji simu.

Nilitaka ziwa linimeze. Kahindo akaangalia mwavuli, akaangalia shuka mkononi, akaniangalia mimi. Nikangoja hukumu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Papa Jephté, weye!" Machozi ya kicheko yakamtoka.

Kisha akatandika shuka juu ya magunia ya viazi, chini ya mwavuli, akalaza kichwa kwenye paja langu, akalala. Mchana kweupe! Miaka ishirini na tano sijawahi kumwona analala mchana. Tumepita kisiwa cha Idjwi hajaamka. Watu wakanunua unite juu ya kichwa chake, hajaamka. Mguu wangu ulikufa ganzi tangu saa tano; sikuusogeza. Nampenda sana mwanamke huyu. Acha niandike hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 7, Bukavu

Nimeamka mapema kutafuta meli ya kurudi kesho. Nimepata kuukuu kuliko ile! Sikurudia kosa: safari hii sikuuliza kabine, niliuliza injini. Baharia amenihakikishia: "Moteur yake haina kelele, papa. Tangu mwezi wa sita hakuna mutu aliisikia."

Utulivu kama huo Twagirayezu hajauona maishani. Nimechukua nafasi mbili za mbele kabisa.

Nilipomweleza Kahindo, hakubisha hata kidogo. Amenishika shavu, kisha akampigia simu dada yake Charline kule Mabanga: meza ibaki imefungwa mpaka Jumatano, "juu bwana yangu ndiye alichagua bato ya kurudi."

Sijaelewa kwa nini Jumatano. Sisi tunafika Jumamosi jioni.