Umoja wa Wasikilizaji wa Mvua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu walipoiondoa mashine yangu ya taipu sikukuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna haandiki sawasawa.

Leo imenilazimu. Mkurugenzi wa Mamlaka yetu ya simu ametangaza kwamba maombi ya namba za simu yatafanyika mtandaoni. Benki ikitaka namba fupi, hospitali ikitaka namba ya dharura, kampuni ikitaka namba ambayo mteja hupiga bure, hakuna tena kuja dirishani kwangu. Hakuna nakala tatu. Hakuna muhuri! Mwombaji atajaza akiwa kitandani, pengine hata shati hajavaa.

Dirisha langu limefungwa kwa majaribio. Wiki ijayo, siku ya Ijumaa, Kamati itakaa kujadili kama Mamlaka bado inahitaji Ofisa wa Namba. Ofisa wa Namba ni mimi.

Aliyetuletea balaa hili ni mkuu wa kompyuta, ambaye kwa bahati mbaya ni mdogo wake mke wangu. Alinikuta kwenye ujia akaniuliza kama nitamwachia kiti changu, maana ameona kina mto mzuri. Shemeji ana haki ya kunitania. Lakini mto ule alinishonea dada yake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata wazo nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo ni zima.

Mashine hii ya mtandaoni haina macho. Mimi ninayo. Mkunga mkuu wa hospitali ya wazazi aliwahi kuleta maombi ya namba fupi, ili mjamzito aliyeshikwa na uchungu apige na gari lije. Nilimrudisha. Muhuri wake ulikuwa umepinda. Alipokuja tena, sahihi ilikuwa imegusa mstari. Aliniambia kwamba uchungu hausubiri muhuri. Nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Hayo ndiyo macho! Mashine ingempa tu.

Basi nitaiumbua. Nimeomba namba kwa jina la chama kisichokuwapo: Umoja wa Wasikilizaji wa Mvua. Mashine ikiukubali, nitasimama mbele ya Kamati na kusema, haya, tazameni.

Ukurasa uliniuliza namba ni ya kazi gani. Palikuwa na orodha. Nilichagua kazi ya kwanza, Msaada kwa Umma, kwa kuwa sikujua namna ya kuteremka hadi ya pili. Ukauliza namba iunganishwe na simu ipi. Ya mkononi wanaijua ofisi nzima, kwa hiyo niliandika ile ya mezani iliyo nyumbani, ambayo imekaa bubu tangu mama mkwe aliponunuliwa simu yake. Mwisho ukauliza kama nina hakika.

Swali la utovu wa adabu. Nilibonyeza Ndiyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Namba imetoka! Tarakimu tatu, tamu, hata mlevi angezikumbuka. Kwa karatasi, kazi kama hii ningeikamilisha kwa msimu mzima wa mvua, tena ningejipongeza.

Nilimwomba Mkurugenzi nafasi ya kusema mbele ya Kamati. Alinitaka nisubiri hiyo Ijumaa. Sawa. Mvumilivu hula mbivu.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Nilimkuta mke wangu ameshika mkonga wa simu, miwani iko puani. Alinipungia mkono ninyamaze. Katika nyumba yangu! Alikuwa akimweleza mtu aandike jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, si kama alivyolizoea.

Alipomaliza, alinieleza kwamba watu wanapiga tangu asubuhi. Mamlaka imeitangaza namba ile kwenye ukurasa wake, chini ya maneno Msaada kwa Umma, na haipo nyingine. Kila anayekwama kwenye maombi anapiga sebuleni kwangu.

Nilimuuliza masharti ya kuomba namba ameyajulia wapi.

“Si wewe unayenihubiria kila tukikaa kula?” akasema. “Miaka yote hiyo ulidhani nasikiliza kijiko?”

Simu ikalia tena. Chakula changu nilijipakulia mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nilichomoa waya wa simu kabla ya kwenda kazini. Niliporudi ulikuwa umechomekwa, na shoga yake wa nyumba ya pili amekuja kumpokea zamu. Wanacheka na waombaji. Mmoja wameshaanza kumwita “mwanangu”.

Mke wangu ameniomba nimletee ule mto wa ofisini, maana siku hizi anakaa sana na kiuno kinamuuma. Nimeuleta. Mimi si mtu katili.

Kiti cha ofisini, bila mto, ni kigumu kuliko nilivyokumbuka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Shemeji alikuja akaegemea dirisha langu lililofungwa. Aliniarifu kwamba Mkurugenzi ameupenda mno Umoja wa Wasikilizaji wa Mvua. Maombi yenye makosa yamepungua, na waombaji wanausifu kwa heshima na subira. Kamati inafikiria kuukabidhi kazi yote ya kuwasaidia waombaji. Kilichobaki ni ofisa mmoja autembelee na kuthibitisha kwamba upo.

“Nimekupendekeza wewe, shemeji,” akasema. “Si mbali na kwako, hutachoka. Ukifika mpe dada shikamoo zangu.”

Anajua! Alipiga kuijaribu namba, akapokewa na sauti iliyomlea.

Maji yamenifika shingoni. Nikiandika kwamba Umoja haupo, nitaulizwa aliyeomba namba ni nani, na chama wanachokisifu hivyo hakiwezi tena kuiumbua mashine. Nikiandika kwamba upo na unafanya kazi, nitakuwa nimelipigilia dirisha langu misumari kwa mkono wangu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nilifanya ukaguzi kwa utaratibu. Nilibisha hodi mlangoni kwangu. Niliambiwa nisubiri. Nilisubiri, kwenye kiti cha wageni.

Mke wangu alikuwa akizungumza na yule mkunga. Ameomba mtandaoni na namba ameshapata, naye alipiga kushukuru. Mke wangu alimwambia kwamba Ofisa wa Namba yupo hapa, akanipa mkonga kabla sijakataa.

Mkunga alinisalimu kwa upole nisiostahili. Alisimulia kwamba jana mama mmoja alikuwa peke yake nyumbani, chupa ikapasuka, akapiga namba hiyo mpya. Gari lilimkuta ameketi kizingitini. Mtoto ni wa kike. Wote wazima.

Nilimuuliza kama safari hii muhuri ulinyooka.

Alisema hakukuwa na muhuri.

Nilimwambia kwamba hilo ndilo lililokuwa likinitia wasiwasi. Mke wangu alininyang’anya mkonga.

Alipoagana na mkunga alinigeukia. Hakuwa na hasira.

“Baba watoto, kawaambie kweli,” akasema. “Sema uliomba wewe. Kisha njoo tufanye kazi hii pamoja. Nitakurudishia mto.”

Nilimjibu kwamba mtu mzima hanunuliwi kwa mto. Ila niliutazama.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kamati imekaa. Nilisoma taarifa yangu nikiwa nimesimama wima. Nilithibitisha kwamba ofisi ya Umoja ipo, ni safi, na mwendeshaji wake ana adabu kwa waombaji, ingawa si kwa wakaguzi. Shemeji alipiga makofi peke yake.

Hawajaamua. Mwenyekiti alisema kwamba mtu au chama chenye pingamizi dhidi ya Umoja kina nafasi mpaka wiki ijayo, na pingamizi liwasilishwe mtandaoni. Mlango huo!

Nilibaki ofisini wenzangu walipoondoka. Nimeunda chama kingine: Shirikisho la Wapinzani wa Mvua. Mashine haina macho, itakikubali.

Nilikwama kwenye ukurasa wa pili. Nilihangaika, kisha nikapiga namba ya msaada, huku nimebana pua. Nilipokewa vizuri. Niliongozwa hatua kwa hatua, bila kuharakishwa, mpaka pingamizi likaenda. Kabla ya kukata, mwendeshaji aliliagiza Shirikisho lipitie dukani, linunue chumvi, na lisichelewe chakula.

Sidhani kama alinitambua. Ila kuwatuma waombaji dukani ni udhaifu mkubwa wa huduma, na kesho nitauongeza kwenye pingamizi.

Chumvi nimenunua.

Sitakugusa tena, shajara yangu, mpaka Kamati iamue. Ikiamua, iwe heri au shari, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa nakala tatu.