Intaneti ya Kasi, Izia

Juni 9, Jumatatu

Mgeni wetu wa kwanza kutoka nje ya nchi amefika! Bi. Cornelia, wa Lusaka, Zambia. Amekodi chumba chetu cha uani hapa Izia siku tano, yuko likizo. Hadi Pasaka chumba hicho kilikuwa stoo ya mahindi na bado kinanukia. Nimemwambia ndiyo hewa ya asili ya Ufipa.

Sista Coleta, mwalimu wetu wa Kiswahili, anasema shajara huandikwa kwa ukweli mtupu. Basi ukweli ni huu: tangazo la chumba niliandika mimi, na niliandika “intaneti ya kasi, saa ishirini na nne”. Hatuna intaneti. Tuna simu kubwa moja ya mama, yenye ufa.

Baba ametoa hukumu. Mgeni akitupa nyota nne au zaidi kati ya tano mtandaoni, simu ni yangu likizo nzima, nisomee mitihani ya miaka iliyopita, maana Januari naingia kidato cha nne. Zikipungua nne, mahindi yanarudi chumbani na simu inakwenda kwa binamu Herieth, ambaye ataitumia kupiga picha midomo yake.

Mgeni anazungumza Kiingereza tu. Mezani akauliza namba ya siri ya intaneti. Nikamwambia mama kwa Kifipa amjazie sahani, akishiba atasahau. Raha iliyoje kuwa na lugha yenu! Mgeni akatabasamu tu, maskini.

Juni 10, Jumanne

Mpango: hotispoti. Nimeitia simu kwenye kikapu, nikakitundika kwenye msumari nje ya dirisha lake. Intaneti ikawaka! Kila siku saa kumi na moja jioni Bi. Cornelia ana kikao cha video cha kamati ya harusi ya binti yake. Nilichungulia. Shangazi wanane kwenye skrini, wanabishania rangi ya vitambaa.

Ndipo babu Leonsi akapiga simu kutoka Msanzi.

Simu yetu ikipokelewa, intaneti inakufa. Usipopokea, babu anapiga mpaka upokee. Na babu hakatwi. Nikapiga goti palepale chini ya dirisha, ingawa hanioni, nikamwamkia. Akauliza hali ya baba, ya mama, ya kila mtoto, ya ulezi, ya mbuzi, ya kuku aliyeumia mguu Desemba. Dakika ishirini na mbili! Shangazi wote wanane wakaganda midomo wazi.

Nilimweleza mgeni kuwa ni hitilafu ya mkoa mzima.

Juni 11, Jumatano

Mpango wa pili, wa kisayansi. Saa kumi nikampigia babu mwenyewe, nizimalize salamu kabla ya kikao. Nilisalimia hadi koo likakauka. Niliulizia mifugo ambayo hata hana. Babu alifurahi mno. Alifurahi kiasi kwamba saa kumi na moja na dakika tano alipiga tena kunishukuru, na kwa kuwa ilikuwa simu mpya, tukaanza salamu upya.

Kuku hajambo.

Juni 12, Alhamisi

Kikao cha familia wakati wa chakula, kwa Kifipa, mbele ya mgeni aliyekuwa akimega ugali wa ulezi. Mama alitaka tuseme ukweli. Baba akasema ukweli usemwe baada ya nyota. Mimi nikapendekeza ng'ombe: tuseme wametafuna waya wa intaneti. Nikaongeza kuwa huyu ataamini lolote, mtazameni anavyokula. Mgeni akaomba mboga zaidi.

Baadaye nilimtoa nje, nikamwonyesha mhalifu kwa Kiingereza safi: dume jekundu la kina Kabula. Kina Kabula ni Wasukuma, wanafuga huku pembezoni, na Kabula nasoma naye. Bahati mbaya alikuwa karibu, pamoja na mdogo wake Kashinje, na Kiingereza chake kinazidi changu.

“We Albina! Dume letu lile waya? Hebu lete huo waya tuone meno yalipopita!”

Kashinje alicheka hadi akakaa chini. Akasema kitu kwa Kisukuma, wakacheka wote wawili. Tabia mbaya sana hii, kumsema mtu kwa lugha asiyoielewa.

Juni 13, Ijumaa

Nilipanga kuilinda simu mwenyewe. Mama akanituma mashineni kusaga. Narudi na ndoo ya unga kichwani, nasikia sauti ya babu kwenye spika, chumbani kwa mgeni. Amechomoa simu kikapuni na kupokea! Na anamjibu babu! Si Kiingereza. Kimambwe, ndugu wa damu wa Kifipa. Salamu zote, bila haraka, hadi kwa kuku. Shangazi wameganda pembeni, hana habari nao.

Alipomaliza akaniita. Kumbe alilelewa na bibi yake huko Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Tangu Jumatatu ameelewa kila neno. Sahani. Nyota. Ng'ombe.

“Haya mwanangu,” akasema kwa Kimambwe, akimenya kiazi, “nitazame ninavyokula.”

Mama amejifungia jikoni. Baba amekumbuka kwamba ana safari ya Milepa.

Juni 14, Jumamosi

Ameondoka asubuhi. Saa nane maoni yake yakaingia, nikayasoma kwa jicho moja:

“Intaneti hakuna, msidanganyike. Chumba kinanukia mahindi. Lakini kuna babu anayepiga simu kila jioni, na sijasalimiwa hivyo tangu bibi yangu afariki. Ikilia, pokeeni.”

Nyota nne! Simu ni yangu! Babu amealikwa harusini. Herieth amenuna.

Baba ameagiza nirekebishe tangazo. Nimerekebisha. Sasa linasema: “Intaneti ya kasi, saa ishirini na nne, na babu.”

Juni 15, Jumapili

Nimetafakari sana wakati wa misa. Kosa letu nimeliona: Kifipa kina ndugu wengi mno mpakani. Kuanzia leo mipango yote ya nyumba hii itasemwa kwa Kisukuma. Nimemwomba Kabula radhi kuhusu dume, naye amekubali kunifundisha. Tayari najua kusema mgeni ajaziwe sahani.

Tena kwa wakati! Mgeni wa pili anafika Jumatano. Dokta Kashinje, ameishi Kanada miaka ishirini. Jina kama la mdogo wake Kabula! Dunia ina mambo. Nilipomwambia Kabula, naye alicheka hadi akakaa chini, halafu akasema tuongeze saa za masomo. Ana moyo mzuri yule.

Mtu wa Kanada. Hataambulia hata neno moja.