Ubao wa Hilaria

Jumatatu, 14 Julai

Nimeshinda! Kamati ya shule imenipa mimi kazi ya kupaka rangi ubao wa darasa la tatu. Akonaay seremala ameambulia patupu, yeye ambaye tangu anunue randa ya umeme anasalimia watu kwa kidevu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Mwalimu wa darasa hilo ni binti yangu Hilaria, mwaka wake wa kwanza, bado hajathibitishwa kazini. Mkaguzi akimwandika vibaya, kwisha. Nikamwambia alale salama, baba yupo.

Nimekabidhiwa kopo la rangi nyeusi. Rangi nzuri mno! Nikalitazama kopo. Nikautazama mlango wangu wa mbele.

Jumanne, 15 Julai

Mlango unang'aa! Mke wangu Bernadina akauliza rangi imetoka wapi. Nikasema imebaki. Akauliza imebakije wakati ubao haujapakwa. Huyu mama angefaa upelelezi.

Mpango: masizi ya sufuria, yasagwe, yakorogwe na maji. Nyeusi ni nyeusi.

Jumatano, 16 Julai

Watoto walipotoka nikaung'oa ubao, nikaulaza juani juu ya madawati mawili, nikaumwagia masizi yangu. Weusi tii! Nikaenda kunywa chai.

Kurudi, balaa. Pembeni kote mstari mweusi mnene, katikati kijivu kama paji la uso Jumatano ya Majivu. Akonaay akapita, akauliza fremu hiyo ni ya picha ya nani.

Nikafuta, nikapaka upya, nikachuchumaa kuangalia. Nimeona kwa macho yangu! Maji yanakauka upesi pembeni, ya katikati yanakimbilia huko kujaza pengo, na masizi yangu yanafuatana nayo. Yanahama! Nikaongeza masizi. Mstari ukanenepa.

Hilaria akaja. Shikamoo baba. Akauona ubao, akaenda kufuta madawati ambayo hayakuwa na vumbi. Heri angenigombeza. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi nikakiri kwa Bernadina. Karibu yote. Alikuwa anasiriba sakafu ya jiko kwa mavi ya ng'ombe, hata kichwa hakuinua. Akauliza kama nimewahi kuona sakafu yake ikikauka nyeusi pembeni na upara katikati. Miaka ishirini na sita, sijawahi.

Akadondosha tone la masizi yangu kwenye sahani. Tone la pili akalichanganya na mavi kidogo. Tukasubiri. La kwanza likakauka pete tupu. La pili likakauka jeusi lote! Nikainama mpaka pua ikagusa. Yale majani madogo madogo aliyotafuna ng'ombe yamelala yameshikana, mengine yamejipanga pembeni sambamba, na masizi yamekwama humo humo. Bernadina akasema ndiyo maana huwa hachuji mavi.

Akakoroga ndoo nzima. Masomo yalipoisha nikapaka, Hilaria akashika upande wa pili wa ubao na mimi wa kwangu, tukaulaza. Sikwenda kunywa chai. Ukakauka sawa kila mahali! Nikakaa chini kwenye nyasi. Hilaria akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga ya mama yake. Akonaay akapita, akanusa, akauliza ng'ombe wa nani.

Ijumaa, 18 Julai

Imepita! Mkaguzi mwenyewe akaandika ubaoni. Chaki ikashika vizuri. Akasema rangi ina ukijani kidogo, na kwamba mbao za kijani ndizo za kisasa. Hilaria ameandikwa vizuri, vizuri sana. Alinishika mkono mbele ya darasa zima. Jamani, nimepumua!

Nikamwahidi Mungu, pale pale chini ya dirisha la darasa la tatu, kwamba ujanja basi.

Saa nane mwalimu mkuu akaniita ofisini. Amefurahi sana. Zimebaki mbao sita, na hamwoni mwingine wa kuzipaka. Akanikabidhi makopo sita.

Nimeyapanga chini ya kitanda. Mavi ya ng'ombe tunayo ya kutosha. Madirisha yangu ni manne, na geti linaonekana kabisa kutoka kwa Akonaay.